Lindo la Stoo ya Ndoo

Kila asubuhi, kabla wenye maduka hawajaanza kujipanga na mizani zao zilizofungwa kwenye mashuka, mama wa usafi alisimama mbele ya mlango wa stoo, akanyoosha mikono ili ionekane mitupu, akasema, "Ni mimi, wa ndoo." Mlinzi alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, kisha akasogea hatua moja kushoto. Mama wa usafi akaingia, akatoka na ndoo, dekio na chupa ya sabuni, akavionyesha kimoja kimoja. Mlinzi akaitikia kwa kichwa na kurudi pale pale alipokuwa. Sakafu ya mahali hapo ilikuwa imebonyea nyayo mbili, na pembeni mwa viatu vyake maji ya kudekia yalipenda kutuama, kwa hiyo mama wa usafi alipakausha kwa tambara kabla ya kuendelea na ukumbi.

Mlinzi huyo aliwekwa pale wakati wa vita. Siku hizo jengo lilikuwa ghala la mablanketi na nyama ya makopo. Sajini wake alimwambia asimame mlangoni, asipitishe mtu, wala asiondoke mpaka mwenzake aje kumpokea, kisha akaenda kumtafuta huyo mwenzake. Vita vikaisha. Mablanketi yakagawanywa, ghala likapigwa rangi na kupewa shirika linalokagua mizani za madukani, ikaja lifti, ikaja meza ya mapokezi yenye kioo. Mlango ule haukuondolewa, na nyuma yake vikawekwa vifaa vya usafi. Mlinzi naye hakuondoka, kwa sababu hakuna aliyekuja.

Alikuwa amekwisha kufa. Ilikuwa miaka kadhaa nyuma, katika kipindi cha joto kali, mashine za ubaridi zilipoharibika na watu wa mapokezi wakagundua kwamba mzee wa mlangoni peke yake hatoki jasho. Aliitwa daktari wa zahanati ya ng'ambo ya barabara. Daktari akaweka chombo chake kifuani mwa mzee, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, akasema mzee amekufa. Mzee akasema amesikia. Daktari akamuuliza kama angependa kukaa, naye akajibu kwamba yuko lindoni. Basi daktari akakunja vifaa vyake, akapanda lifti kumweleza mkurugenzi, maana aliona si adabu kuondoka kimya kimya.

Mzee alikuwa na binti mmoja, fundi cherehani, mwenye kibanda mtaa wa nyuma. Fundi alizaliwa baada ya baba kuwekwa lindoni, kwa hiyo hakuwahi kumwona baba yake ameketi. Kujumlisha na kutoa alifundishwa katika ukumbi ule, daftari limebanwa ukutani kando ya bega la baba. Siku ya harusi yake msafara mzima ulipitia mapokezi, na wenye mizani wakaweka mizani chini ili wapige makofi. Mama yake alikaa miaka mingi kwenye benchi lililotazamana na ule mlango, akifuma vitambaa vya meza ambavyo hakuna aliyevihitaji. Alipokufa akazikwa kwenye makaburi ya mlimani, na nafasi ya ubavuni mwake ikaachwa wazi.

Sasa fundi mwenyewe alikuwa na mvi na binti mkubwa, msusi, na jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja tu: amlaze baba yake kwenye nafasi ile. Alikwisha kumshonea nguo za kulalia. Alizikata kwa pamba laini na hakuzitia kola, kwa sababu baba yake alikuwa amelalamikia kola tangu enzi za ghala. Zilikuwa kabatini tangu mwaka ule wa daktari, na kila zilipoanza kunuka kabati alizifua upya.

Lindo hupokelewa kwa namna moja. Anayekuja hukanyaga pale anapokanyaga anayetoka, huvishwa filimbi, na husema, "Lindo nimelipokea." Anayetoka hutoa taarifa, kisha yuko huru. Si maneno magumu. Hata kasuku angeyamudu kwa mchana mmoja. Shida ni kwamba anayeyasema anabaki. Karani mmoja wa mapokezi, mtu wa masihara, aliwahi kuyasema huku akicheka. Mzee akamvisha filimbi, akaanza kukunja goti la kulia. Karani akaenda kunywa chai. Mzee alimfuata kwa macho mpaka alipopotelea nje, akalinyoosha goti lake, akamtuma mama wa usafi akairudishe filimbi.

Fundi alimtafuta hata yule sajini. Alimpata mtaa wa mbali, mzee mnene aliyeuza betri na balbu za tochi, akamweleza habari yote akiwa amesimama mbele ya meza yake.

"Yule kijana," sajini alisema, akapangusa betri moja kwa kidole. "Nilimsahau. Nilimsahau kabisa."

Aliahidi kuja kesho yake. Alipatwa na homa, akafa wiki ile ile, amelala kitandani kwake, na wajukuu wamemzunguka.

Mtu asije akadhani shirika lilimdharau mzee. Lilimpenda kupita kiasi. Ndilo lililoanzisha Tuzo ya Kizazi cha Vita, inayotolewa kila mwaka kwa mtu ambaye utumishi na uongozi wake unaakisi maadili ya watu wa wakati ule: uvumilivu, kutokulalamika, kuweka wajibu mbele ya nafsi. Ilikwisha kupewa mwenye kiwanda cha saruji, mabingwa wawili wa siasa, na mama mmoja mashuhuri aliyefungua mikahawa. Kila mshindi alipigwa picha kando ya mzee, mkono begani. Mzee mwenyewe hakuwahi kupewa. Mkurugenzi alieleza vizuri tu kwamba tuzo ni ya wanaofanana na mzee, na mzee hawezi kusemwa anafanana na yeye mwenyewe.

Mwaka huo mshindi alikuwa mwenye kampuni ya ulinzi. Askari wake walisimama kwenye mageti ya nusu ya mji, wakiwa na kofia za bluu na virungu. Fundi aliposikia, moyo ulimruka. Alifunga kibanda, akapanda lifti mpaka juu, akaketi mbele ya mkurugenzi na pochi mapajani.

"Bosi, safari hii mshindi ampokee baba yangu lindo. Yeye watu anao. Akishapokea, amweke kijana wake mmoja ampokee yeye, na mwingine ampokee huyo, kwa zamu, kama kazi inavyotakiwa."

"Mama, mzee ndiye nembo yetu," alisema mkurugenzi. "Tukimwondoa, tuzo itasimama juu ya nini?"

"Mambo ya tuzo mimi siyajui. Nataka nimzike baba yangu."

Mkurugenzi aliguswa. Aliguswa kweli, mpaka akavua miwani. Alikuwa mtu mwema kwa kadiri ya muda aliokuwa nao, na papo hapo akaagiza kwenye ratiba, kati ya hotuba ya mshindi na kukata keki, kiongezwe kipengele cha kukabidhiana lindo. Fundi alishuka kwa ngazi, kwa sababu hakuweza kusubiri lifti.

Alimwambia baba yake akiwa anambadilishia kifungo cha mfuko.

"Kesho unapokelewa, baba."

"Na nani?"

"Mwenye kampuni ya ulinzi."

Mzee alifikiri. "Ana viatu vizuri?"

"Anavyo."

"Basi aje. Baridi ya sakafu hii inapanda."

Asubuhi ya sherehe baba mdogo, yaani mdogo wake mzee, alikwenda makaburini na wachimbaji, na kaburi likawa tayari kabla jua halijawa kali. Jamaa walianza kukusanyika kule, wengine na viti vyao. Fundi alikuja ukumbini na binti yake na mkwewe, akiwa amebeba mfuko wenye nguo za kulalia. Mama wa usafi alikuwa amepakausha penye nyayo mara mbili. Wageni walijaa, waheshimiwa mbele, wafanyakazi nyuma, na wenye mizani ambao hawakupata taarifa kwamba siku hiyo hakuna kazi walibanana ukutani, mizani mikononi.

Mwenye kampuni ya ulinzi alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti inayokaa vizuri kwenye kipaza sauti. Alisema kizazi kile hakikutazama saa. Alisema yeye mwenyewe, kila anapoamka, hujiuliza mzee wa mlangoni angefanya nini. Alisema taifa linahitaji watu wa kusimama. Watu walipiga makofi, akapewa tuzo, sanamu ya shaba ya mtu aliyesimama kando ya mlango. Kisha mshereheshaji akatangaza kipengele kinachofuata.

Mshindi alisogea mpaka mbele ya mzee. Viatu vyake vilikuwa vizuri kweli. Mzee aliinua mkono, akaanza kuvua filimbi shingoni. Kamba ikafika sikioni.

"Halafu nasimama mpaka lini?" mshindi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mpaka upokelewe."

"Na nani?"

"Hilo huambiwi," alisema mzee.

Mshindi aligeuka kuwatafuta watu wake kwa macho. Meneja wake alikuwa safu ya pili, akatikisa kichwa kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. Mkataba wao uliishia getini. Ndani ya majengo haukuwahusu, na ukikubali mlango mmoja, kesho kila mlango utataka mtu. Yote hayo yalisomeka usoni mwa meneja, maana alikuwa na uso wa wazi. Mshindi akawageukia wageni, sanamu ya shaba kifuani.

"Ndugu zangu," alisema, na hakuhitaji kipaza sauti, "ni nani kati yetu anayestahili kusimama mahali pa mtu huyu? Mimi sistahili. Nakiri mbele yenu, sistahili."

Ukumbi mzima uliinuka. Yalikuwa maneno bora ya siku hiyo, na zaidi ya mtu mmoja alitoa leso. Mshindi alirudi kitini akiwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na keki ikasogezwa. Mzee alingoja kidogo, akairudisha kamba shingoni.

Simu ya fundi ililia ndani ya pochi. Alikuwa baba mdogo.

"Mwanangu, huku mawingu yamefunga. Wachimbaji wanauliza, tusubiri au tufukie?"

Fundi alitazama keki, ambayo nayo ilikuwa na umbo la mlango. Alimtazama mkurugenzi, naye mkurugenzi akawa ametingwa na kisu. Fundi hakuwa na hasira. Angependa kuwa nayo, ingemsaidia, lakini alipoitafuta alikuta uchovu tu, na chini ya uchovu hakuna kitu.

"Subirini," alimwambia baba mdogo.

Alimpa mama wa usafi ule mfuko na ile pochi, akavua viatu, akapita katikati ya wageni akiomba radhi kwa kila aliyemgusa.

"Baba, sogea."

Mzee hakusogea. "Wewe una cherehani."

"Najua."

"Una nguo za watu hujamaliza."

"Najua, baba. Sogea."

Mzee alisogea hatua moja kushoto. Fundi akaweka miguu yake kwenye zile nyayo, ambazo zilimzidi pande zote, na zilikuwa baridi kama alivyosema baba yake. Akainamisha kichwa, akavishwa filimbi.

"Lindo nimelipokea," alisema.

Mzee alitoa taarifa yake akiwa amekaza shingo. Ndani mna ndoo, madekio na sabuni. Hakuna aliyepita bila ruhusa. Mvua ikinyesha mlango unakwama. Usukumwe kwa chini, usisukumwe kwa juu. Kisha akamshika binti yake kichwa, kama alivyofanya siku ya harusi, akakiachilia.

Alitembea hadi kwenye benchi. Alitembea kama mtu anayeshuka kutoka kwenye gari baada ya safari ndefu. Aliketi pale mkewe alipokuwa akiketi, akapapasa ubao kwa viganja, akatazama mlango kwa upande ule ambao hakuwahi kuutazama.

"Kumbe alikuwa anaona hivi," alisema, akafumba macho.

Wageni walidhani ni kile kipengele cha ratiba, wakapiga makofi, wakaenda kwenye keki.

Ilibidi mzee abadilishwe nguo mahali pa faragha, na faragha iliyokuwapo ilikuwa stoo. Mkwe alimbeba mikononi, mama wa usafi akafuata na mfuko. Walisimama mbele ya fundi.

"Nani?" fundi aliuliza.

"Ni sisi, wa mzee," alisema mama wa usafi, akainua mfuko uonekane.

Fundi akasogea hatua moja kushoto. Walipotoka, baba yake alikuwa amevaa nguo za kulalia, na shingo yake, ambayo fundi hakuwahi kuiona wazi, ilikuwa na weupe wa kovu palipokaa kola. Mikono ya nguo ilikuwa mirefu kidogo. Fundi alisikitika kwamba hakuipunguza, akaitikia kwa kichwa, wakapita.

Alizikwa mvua ikiwa inaanza. Mlinzi hashiki simu, kwa hiyo mama wa usafi, ambaye alibaki kufagia makombo ya keki, aliishika simu ya fundi kwenye sikio lake muda wote. Kwanza zilisikika sauti za watu, halafu baba mdogo akisema taratibu, taratibu, halafu udongo. Fundi alikuwa na huzuni kubwa na alijua kwamba ni kubwa, ila aliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Machozi yalimtoka. Mlinzi hafuti uso akiwa kazini, kwa hiyo yalishuka yalikotaka, na mama wa usafi akayakausha kwa kanga yake, kisha akakausha sakafu.

Kesho yake mkurugenzi alisimama mbele yake na mkoba mkononi. Alisema amesikitika sana, haikuwa nia ya mtu yeyote, na kwamba yuko huru kwenda nyumbani.

"Ananipokea nani, bosi?"

Mkurugenzi alitazama lifti, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa imefika.

Watu walizoea upesi. Wenye mizani walimwamkia, wengine wakamletea suruali za kufupisha kwa mazoea, naye akawa anazishona kwa mkono, akiwa amesimama. Cherehani iliuzwa. Ganzi ilimwanzia unyayoni, ikafika magotini, na alipomweleza daktari wa ng'ambo ya barabara, daktari alisema itapanda. Tuzo ya mwaka uliofuata ilipewa mkurugenzi mwenyewe, kwa kudumisha lindo katika mazingira magumu. Alipiga picha kando ya fundi, mkono begani. Kile kipengele cha kukabidhiana hakikuwekwa tena kwenye ratiba, kwa kuwa kilichelewesha keki.

Binti yake, msusi, alikuja kila mchana saluni ilipopoa. Alimlisha mama yake kwa kijiko, akampa maji, kisha akapanda juu ya kistuli na kumsuka, maana mlinzi hawezi kuketi chini kusukwa. Siku moja alimaliza upande mmoja, akashuka kusogeza kistuli, akasimama pale akiwa na kitana mdomoni. Alikuwa amevua viatu kwa sababu ya joto. Kidole chake cha mguu kilikuwa ukingoni mwa ile nyayo ya kulia.

"Mama," alisema, akatoa kitana mdomoni, "yale maneno uliyomwambia babu siku ile. Yalikuwaje vile?"

Mama wa usafi, aliyeyakumbuka vizuri, aliacha kukamua tambara. Fundi alitazama mbele, kwenye benchi tupu.

"Nimesahau," alisema. "Nimesahau kabisa. Rudisha miguu nyuma, mwanangu, hapo pana maji."